Mupira Haiko Nyama

Nianze na kosa yangu mimi mwenyewe, mbele watu wengine waieleze mubaya kuliko mimi. Mimi niko mutu ya muzaha. Ku ndoa nachekesha watu, ku kilio nachekesha watu, na padri alishanikataza kukaa karibu na wanawake ku misa. Lakini siku moja kinywa yangu ilikimbia mbele ya akili. Niliona wenzangu wanacheka, nikafikiri nimesema vizuri. Kumbe kulikuwa mutu mumoja pale kati yetu alisikia ile neno na roho yake yote.

Nilikuwa commis, mwandishi wa makaratasi, ku plantation, shamba kubwa ya pirètre, kule Masisi, mu miaka ile kisha vita ya wazungu. Pirètre ni ile maua nyeupe ya kuua vidudu. Bwana ya plantation alikuwa Muingereza. Wafanyakazi walimuitaka Bwana Magoti, juu alivaa kaputula siku zote, hata ku ile baridi yetu ya mwezi wa saba, na magoti yake ilikuwa nyekundu kama nyanya. Wabeleji walikuwa na fasi yao ya kunywa pombe, lakini yeye Kifaransa ilimushinda, akabaki peke yake. Jioni nilimuona anasimama mu malisho ya ngombe na ubao yake mukononi, anapiga hewa. Hakukuwa mutu wa kumutupia mupira.

Ile muchezo yao inaitwa kriketi. Nitaieleza mbio mbio. Wanapanda vijiti tatu mu udongo. Mutu mumoja anasimama pale na ubao, anavilinda. Mwengine anatoka mbali, anakimbia, anatupa mupira ngumu, nyekundu, ya ngozi ya ngombe. Mupira ikiangusha vijiti, mwenye ubao anatoka, anaenda kukaa chini na kunywa chai. Wakitoka kumi, ekipe yao, timu yote, imeisha. Na kuna sheria kubwa moja: mwenye kutupa, mukono yake isikunjike. Inazunguka juu ya kichwa yote nzima, ngumu kama muchi ya kutwangia.

Sisi wote tulijaribu, na sisi wote tulishindwa. Sisi ni watu wa kufukuza nyani mu shamba, mukono inakunjika yenyewe. Munyakazi, mulinzi wa ngombe, alikuwa na nguvu kabisa, lakini Bwana alitingisha kichwa tu: "Non, Munyakazi. Non." Munyakazi akaniambia, "Commis, uliza huyu mutu kama anataka mupira ifike ao anataka mukono ipendeze."

Kwa plantation kulikuwa mubeba-maji mumoja, jina yake Symphorien. Alitoka mbali, ku pori ya Walikale, upande wa Itebero. Alipokuwa mutoto alipanda muti kutafuta asali, akaanguka, mukono yake ya kuume ikavunjika mu kiwiko. Ilipona, lakini ilipona ikiwa imenyooka. Haikukunjika tena. Alikula na ya kushoto, na akivaa shati alianza na ile mukono, kama mutu anaingiza muti mu gunia. Watu wa plantation walimuita Barrière, juu ya ule muti wanapandisha ku barabara ili camion ipite. Ile jina nani alimupa? Mimi.

Jioni moja alikuwa anapita na ndoo yake, na mupira ikabingirika mupaka ku miguu yake. Akaiokota. Akairudisha vile tu mwili yake iliweza: alizungusha mukono yote juu ya kichwa, akaachilia. Vijiti tatu vikalala chini. Bwana Magoti aliangalia vijiti, kisha akaangalia ule mutu wa maji, kisha akaweka ubao chini polepole kama kitu ya kuvunjika.

Toka siku ile, jioni walikuwa wawili. Hawakuwa na luga moja ya kuzungumuza. Mumoja anatupa, mumoja anapiga. Mimi nilipita na makaratasi yangu nikasikia tu: to. Kisha kimya. Kisha to.

Mu mwaka wa 1952 Bwana akaandika kwa watu wa Uganda waje. Akakusanya ekipe, akaiita Kongo: Wahindi wa maduka, Waingereza wawili wa mugodi, Mugriki mumoja mwenye camion, na daktari wa ngombe ambaye alikuja juu ya pombe. Watu wa Uganda walifika ku camion, wamechoka, wamejaa vumbi. Kwa sababu walionyesha makaratasi yao ku mupaka, mimi nikatangazia wote kama hii ni match ya inchi na inchi. Asubuhi ile Muhindi mumoja wa ekipe yetu alikuwa amekula fromage, ile jibini ya Masisi, kupita kipimo, hakuweza kutoka ku choo. Walibaki kumi, na ile muchezo inataka kumi na mumoja. Bwana Magoti akaingia mu nyumba, akatoka na shati yake nyeupe, akamupa Symphorien. Mugriki akanungunika.

Sisi wafanyakazi tulikaa ku kilima, juu Masisi kilima haikosekane. Malisho yenyewe ilikuwa imeinama, na ngombe waliacha pale ile ngombe wanaachaka. Symphorien alipoanza kukimbia, watu wakapiga kelele.

"Barrière, shusha muti, camion inakuja," mimi nikaita.

"Amevaa shati ya Bwana," Mama Vestine, muuza maziwa, akasema. "Kesho atatuomba chai."

Mwenye ubao wa kwanza alikuwa na mustache nzuri, amesimama kama mutu anangojea picha. Hakuona kitu. Kijiti ya katikati ilitoka mu udongo ikaruka. Wa pili akaja, akatoka. Wa tatu alipiga hewa, akageuka kuangalia nyuma yake kama mutu wanaita jina yake. Ile mupira ilitoka juu, mu ukungu, na hakuna aliyejua itaanguka wapi, juu mukono ingine yote duniani inakuonyesha kidogo ile inataka kufanya, lakini ile ya Symphorien haikuonyesha kitu. Mama Vestine akasahau maziwa yake. Munyakazi akasimama. Kati ya kumi, Symphorien peke yake alitoa nane. Siku yake ya kwanza. Mwalimu mumoja wa Uganda, mweusi kama sisi, mutu murefu, alipotoka alipita karibu naye akamugusa ile kiwiko na kidole moja, kama mutu anagusa mulango ajue ni muti gani.

Wenye ile muchezo wana desturi: mwenye kufanya vile wanamupa mupira iwe yake. Bwana Magoti akamupa mbele ya wote, akamushika mukono ya kushoto, wakapiga makofi. Kisha wazungu na Wahindi na watu wa Uganda wakaingia mu nyumba kula. Mulango ikafungwa. Symphorien akabaki mu malisho, na shati ya mutu mwengine, na mupira.

Sisi tulikuwa na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mu kibuyu. Nikamuita. Akakuja, akasimama pembeni. Na mimi, juu kila mutu alikuwa ananiangalia angoje muzaha, nikasema:

"Symphorien, kwenu ku pori si mwindaji anapelekaka nyama yake ya kwanza kwa mujomba? Basi hii njo nyama yako. Peleka mujomba aionje."

Watu wakacheka mupaka kibuyu ikamwangika. Symphorien hakucheka. Akageuza mupira mu vidole.

"Mupira haiko nyama, kaka," akasema.

"Iko ngozi ya ngombe. Ngozi inatoka ku nini, ku mahindi?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. Akaenda.

Asubuhi yake nilimukuta mbele ya bureau, amefunga mupira mu majani ya ndizi. Alitaka permission ya kwenda Itebero.

"Nilikuwa nacheka, Symphorien," nikamuambia.

"Najua. Lakini ulisema kweli bila kujua." Akakaa chini ku mulango, akanieleza, na ile siku njo nilisikia vizuri. Kwao, kitu ya kwanza mukono ya mwanaume inaleta, ni ya ndugu ya mama yake. Mujomba anaonja wa kwanza, anatemea maji ku ile mukono, anakuita mwanaume. Mbele ya pale uko mutoto, hata ndevu ziwe nyeupe. Hautakaa ku barza na wanaume. Utakula na watoto. Na yeye hakuwinda kamwe, juu upinde inataka mukono yenye kukunjika. Wadogo zake wote walileta, mumoja swala, mumoja nguruwe ya pori. Yeye alikula na watoto mupaka magoti yake ilifika ku masikio, kisha akaona haya, akatoka kwao, akaja kubeba maji kwetu.

"Sasa mukono yangu imeleta kitu," akasema. "Na hii mupira sitaitupa tena mbele mujomba aonje. Nikitupa mara ya pili na yeye hajaonja, ni kama kumukulia nyama yake."

Nikaenda kumufasiria Bwana Magoti, juu kulikuwa match ingine ya kwenda kucheza kule Uganda mwezi wenye kufuata, na alimuhitaji. Bwana akaniuliza mara mbili kama nimefasiria vizuri.

"Mujomba atakula mupira?"

"Atauma kidogo tu, Bwana."

Akaangalia dirisha sana. Akasema kwao pia walikuwaka na mujomba mumoja vile. Akamupa permission ya majuma mbili, akasema na mimi niende naye, nimurudishe.

Tulilala kwanza Nyabiondo, kwetu, kwa dada yangu mukubwa Emérence. Alituchinjia kuku. Aliweka meza ya wanaume, na nyuma ya nyumba akaweka sahani ya watoto. Niligeuka tu, Symphorien hayuko. Alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa chini kati ya watoto, anangojea zamu yake ya kutia mukono mu foufou ya muhogo.

"Papa, kiti yako iko huku," Emérence akamuambia.

"Bado, mama."

"Bado nini? Chakula imeiva."

"Mimi njo bado."

Emérence akaniangalia nimueleze. Nikakula peke yangu ku meza kubwa, kiti tatu tupu mbele yangu. Nyuma ya nyumba nilisikia watoto wanamuuliza juu ya ile mukono, na yeye anawajibu polepole.

Kisha Nyabiondo njia inashuka, na pori inaanza. Mimi niko mutu ya vilima, nimezoea kuona moshi ya jirani. Kule hauone kitu isipokuwa miti, na nyuma ya miti, miti. Nilianza kueleza habari zangu za kuchekesha, sauti yangu ikaenda ikaanguka kama jiwe mu matope, hairudi. Tulipata camion ya mugodi mupaka Walikale, kisha tena miguu. Symphorien alikuwa anatembea mbele, amevaa ile shati nyeupe ya Bwana, na ile mukono imenyooka pembeni, na mupira mu majani yake. Alisema kidogo tu. Usiku, karibu ya moto, aliifungua, akaangalia kama haijaoza.

Itebero hakuitambua. Serikali ilikuwa imetoa watu wote mu vijiji vya ndani, ikawaleta ku barabara. Nyumba zilikuwa mupya, mustari moja, kama meno ya kununua. Alipita mulango kwa mulango, anauliza, na watoto walimuangalia kama mugeni. Mwishoni tukamupata Mama Agathe, muke ya mujomba yake Isidore. Alikuwa anaanika mupunga. Alimuangalia uso, hakumujua. Aliangalia mukono, akamujua, akakaa chini.

"Mujomba iko wapi, mama?"

"Alikataa barabara. Alibaki kule kwetu kwa zamani, ngambo ya mutoni, yeye na imbwa yake. Walienda kumuchukua, tena na tena. Akisikia tu watu wa serikali wanakuja, anaingia mu miti, hauwezi kumuona tena. Mimi nikimupelekea chumvi, naimba njia yote ajue ni mimi."

Symphorien akafungua majani. Mama Agathe akachukua mupira, akainusa.

"Iko ngombe, hii."

"Iko ngombe. Mukono yangu njo ilileta."

Mama Agathe akairudisha mu majani. "Kila mara nikienda ananiuliza," akasema. "'Mutoto wa dada yangu hajatuma kitu? Hata ndege?' Nikisema hapana, anaendelea kutengeneza mutego yake. Ataonja. Hana meno mingi, lakini ataonja."

"Twende pamoja, mama," nikamuambia.

"Leo ni zamu yangu ya kulima barabara, kapita, musimamizi wetu, ananihesabu. Mwende ninyi. Lakini muimbe."

"Mwenye kuleta kitu ya kwanza haimbe, mama," Symphorien akasema. "Hasemi kitu mupaka aiweke chini. Unajua."

"Najua."

"Basi mimi nitaimba," nikasema.

"Wewe, papa, akisikia sauti yako hatakuuliza jina, ataingia mu miti. Mwende kimya tu. Symphorien anajua njia."

Akaniangalia toka kichwa mupaka miguu. Macho yake ikabaki ku miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi, vyenye misumari chini, nimevipakaa rangi ku kijito moja njiani ili nisiingie Itebero kama mutu wa ovyo. Nikafikiri anavipenda. Akafungua kinywa kusema kitu, kisha akafunga. Nilikuwa mugeni, mutu ya bureau, na yeye alikuwa mama mwenye heshima.

Tukavuka mutoni ku muti ulioanguka. Ile njia ilikuwa imeanza kufungika. Symphorien alikanyaga na hakukusikika kitu. Mimi nyuma yake, kila jiwe ilisema kra, kila muti ikavunjika chini yangu. Nilijua nafanya kelele. Nilifikiri ni kelele tu.

Kijiji ilikuwa imerudi pori. Nyumba moja njo ilisimama, na mbele yake moto, na ku moto nyungu inachemuka. Karibu na kiti kulikuwa kiko, chini, na tumbako yake ingali inatoa moshi. Ku ukuta fasi ya mukuki ilikuwa tupu. Imbwa haikuwa. Kama ningegusa ile kiti, nafikiri ningeikuta bado ya moto.

Symphorien akavunja jani kubwa, akaitandika mbele ya mulango vile wanatandikaka juu ya nyama. Akaweka mupira katikati. Kisha njo aliweza kusema.

"Mujomba."

Miti haikutikisika. Akaniangalia, kisha akaangalia njia ile tulikuja. Mu matope kulikuwa alama za miguu yake, na nyuma yake alama za viatu vyangu, na misumari yote imejiandika.

"Kaka," akasema, bila hasira hata kidogo, "huku serikali njo inavaaka viatu."

Nikakaa chini, nikavitoa. Nikavitupa mbali mu majani, kama ile ingefanya kitu. Symphorien akageukia miti.

"Mujomba, ni mimi. Mutoto wa dada yako. Ule wa mukono."

Tukangoja. Upande wa kilima tawi moja iliinama, ikarudi. Ingekuwa kima. Ingekuwa mutu mwenye kukaa juu, anaangalia mutu ya shati nyeupe mbele ya nyumba yake, na pembeni yake mutu ingine, na kitu nyekundu ya muviringo ambayo hakuijua. Kutoka kule juu, mukono yenye kunyooka inaonekana ni mukono yenye kuonyesha kidole.

"Nilileta kitu ya kwanza," Symphorien akaita. "Mwenye viatu ni kaka yangu, anachekesha watu tu. Haiko serikali."

Maji mu nyungu ikaanza kuisha. Nikaongeza maji ingine, isiungue. Sikujua kitu ingine ya kufanya mu nyumba ya mutu. Kisha nikafikiri pengine ni mimi tu ndiye ninafunga njia, nikiondoka atashuka. Nikachukua viatu vyangu mu majani, nikarudi miguu wazi mupaka ku mutoni, nikakaa juu ya ule muti ulioanguka, nikangoja. Miiba iliniingia, niliiacha.

Kutoka pale sikumuona tena, lakini nilimusikia. Aliita. Alinyamaza, akangoja murefu. Akaita tena. Alitaja jina ya mama yake. Alitaja muti wa asali. Alieleza ile siku ya match, nane wote, mumoja mumoja, ule wa mustache, ule aliyegeuka, na alieleza vizuri kuliko mimi nimeieleza hapa, na pori yote ilikuwa kimya, na hakuna imbwa iliyobweka. Jua ikaanza kushuka. Mara ya mwisho hakupaza sauti. Alisema vile mutu anasema kwa mutu mwenye kukaa naye ku moto moja, na hii pia hakuna aliyeijibu:

"Mujomba, shuka uonje. Hata kidogo tu. Onja, kisha urudi mu miti yako."